Mganga hajigangi: Uchovu wa kazi unavyowamaliza wahudumu wa afya

WAHENGA walinena kuwa mganga hajigangi. Methali hiyo hutumiwa kukumbusha kwamba hata bingwa humhitaji mwenzake, lakini katika hospitali nyingi za Kenya imekuwa maelezo ya hali halisi. Daktari, muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, ambao kazi yao ni kuwaondolea wengine maumivu, wamekuwa wakibeba maumivu yao kimyakimya hadi mwili unapokataa au moyo unapokufa ganzi.

Kwa muda mrefu hali hii imechukuliwa kuwa uvivu, kiburi au ukosefu wa wito. Mgonjwa aliyekaripiwa dirishani huondoka akiamini kwamba amekutana na mtu mwenye roho mbaya. Msimamizi anayemwona muuguzi wake akichelewa kila asubuhi humwandikia barua ya onyo. Naye mhudumu mwenyewe, anapogundua kuwa kifo cha mgonjwa hakimgusi tena, huanza kujiuliza kama kweli alifaa kuisomea kazi hii. Wote watatu huwa wanatazama dalili. Ni nadra kwa yeyote kati yao kutazama chanzo.

Hali yenyewe inajulikana kitaalamu na imefanyiwa utafiti kwa karibu miaka 50. Ni uchovu wa kikazi uliokithiri, unaotokana na msongo wa mawazo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Jambo kuu ambalo utafiti huo umefunua ni hili: aghalabu chanzo chake hakimo ndani ya mfanyakazi, bali katika jinsi kazi yake ilivyopangwa.

Si uchovu wa kawaida

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Msongo wa mawazo ni jinsi mwili unavyojibu dharura. Mgonjwa anapoletwa akivuja damu, mwili wa daktari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga kwa kasi, na fikira hukazwa kwenye jambo moja. Hilo si baya. Dharura ikiisha na mtu akapata nafasi ya kula, kulala na kuzungumza na wenzake, mwili hurejea katika hali yake ya kawaida.

Tatizo huanza pale dharura zinapofuatana bila pengo. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Usingizi hupotea hata siku ya mapumziko, kichwa na mgongo huuma, hasira huwa karibu, na kinga ya mwili hudhoofika. Mtu mwenye msongo wa mawazo bado huamini kwamba kazi ikipungua kidogo atapata nafuu. Aliyefikia uchovu uliokithiri ameshavuka hapo. Hata akipewa likizo ya wiki mbili, hurudi akiwa kama alivyoondoka.

Mtaalamu wa kwanza kuieleza hali hii kwa kina alikuwa mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi jijini New York, Marekani. Mchana aliwahudumia wagonjwa wake wa kawaida, na usiku alijitolea katika zahanati ya bure iliyohudumia maskini na vijana waliotumia dawa za kulevya. Katika makala aliyochapisha mwaka 1974 alieleza jinsi waliojitolea kwa moyo wote katika zahanati kama hizo walivyoishiwa nguvu, wakawa wepesi wa hasira na kuanza kuwadharau watu wale wale waliokuwa wamekuja kuwasaidia. Jambo alilosisitiza ni kwamba walioathirika zaidi walikuwa wale waliojitolea mno, wala si wavivu.

Mwaka 1981, wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kupima hali hiyo, ambalo lingali linatumiwa na watafiti katika sehemu nyingi za dunia. Baadaye, mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ufafanuzi wake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Shirika hilo halikuiita hali hii ugonjwa. Liliitaja kama jambo linalotokana na kazi, na kulipa alama tatu.

Alama ya kwanza ni kuishiwa nguvu za mwili na akili. Ya pili ni kujitenga na kazi kimawazo, au kuitazama kwa chuki na kejeli. Ya tatu ni kushuka kwa uwezo wa mtu kutekeleza kazi yake. Alama hizi huchocheana: aliyechoka hujitenga ili asiumie zaidi, anayejitenga hufanya kazi vibaya, na anayefanya kazi vibaya hupoteza imani katika juhudi zake, akazidi kuchoka.

Hesabu isiyokubali

Wengi hudhani kwamba kinachowachosha wahudumu wa afya ni wingi wa saa pekee. Saa ni sehemu tu ya tatizo. Kinacholemea zaidi ni kupewa kazi ambayo haiwezi kufanywa ipasavyo, kisha kulaumiwa isipofanywa ipasavyo. Mfano wa wadi ya kujifungulia unaonyesha jambo hili kwa uwazi.

Miongozo ya utunzaji wa mama anayejifungua huelekeza kwamba, uchungu unapokolea, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya nusu saa. Kila nusu saa vilevile, mkunga huweka kiganja juu ya tumbo la mama na kuhesabu ni mara ngapi uchungu unamjia katika muda wa dakika 10. Kila baada ya saa nne hupima shinikizo la damu na kukagua jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka. Yote hayo huandikwa kwenye chati, ili hatari ionekane mapema kabla mtoto hajachoka au mama hajapasuka kizazi.

Sasa ipigwe hesabu. Dakika 10 mara mbili kwa saa ni dakika 20 kwa kila mama. Akina mama watatu humaliza dakika zote 60. Mama wa nne anapoingia, saa imekwisha. Na hesabu hiyo haijagusa mama anayejifungua wakati huo huo, ambaye mkunga hawezi kumwacha hadi mtoto apumue, kondo la nyuma litoke na damu ikome. Haijagusa kuandika, kutafuta glavu, kumpigia daktari simu wala kwenda msalani.

Mkunga aliye peke yake usiku na akina mama wanane kwa hivyo hana namna ya kufuata mwongozo, hata awe hodari kiasi gani. Hulazimika kuchagua nani atasikilizwa na nani atasubiri. Aghalabu chati hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, na kila mmoja wodini anajua kwamba ndivyo mambo yalivyo. Ikitokea kuwa mtoto aliyeaga dunia ni yule ambaye moyo wake haukusikilizwa, mkunga atarudi nyumbani na mzigo ambao hakuna likizo inayoweza kuutua.

Wataalamu huuita mzigo huo jeraha la dhamiri. Dhana hiyo iliibuka kutokana na kazi ya daktari wa akili Jonathan Shay miongoni mwa wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka vita vya Vietnam, na katika miaka ya karibuni imetumiwa kuwaelezea wahudumu wa afya. Mtu huumia kwa kujua lililo sahihi na kuzuiwa na mazingira kulitenda, jambo linalojirudia mpaka anaacha kujali.

Upungufu wenyewe si siri. Mwaka 2006, WHO ilikadiria kwamba nchi huhitaji angalau madaktari, wauguzi na wakunga 23 kwa kila watu 10,000 ili kutoa huduma za kimsingi kama vile uzalishaji salama. Muongo mmoja baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi 44.5, kwa kuzingatia mahitaji ya malengo ya maendeleo endelevu. Kenya haijakifikia, na wachache waliopo wamerundikana mijini huku kaunti za mbali zikiachiwa mabaki.

Nyakati nyingine mzigo huongezwa kwa nia njema. Juni 1, 2013, serikali ilitangaza kwamba huduma za kujifungua zingetolewa bila malipo katika hospitali za umma. Akina mama ambao awali walijifungulia nyumbani walimiminika hospitalini, na hilo lilikuwa jambo la kufurahisha. Hata hivyo, idadi ya wakunga, vitanda na vyumba haikuongezeka kwa kasi iyo hiyo.

Mgonjwa hulipa gharama

Kuna wanaodai kwamba mateso ya wahudumu ni suala la wahudumu na vyama vyao. Ukweli ni kwamba anayelipa gharama kubwa ni mgonjwa.

Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Walibaini kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, huwa sawa na mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi humfanya dereva akamatwe. Hakuna abiria anayeweza kukubali kupanda gari la dereva wa namna hiyo. Lakini mgonjwa hukabidhi mwili wake kwa daktari wa namna hiyo bila kuelezwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004, uliwafuatilia madaktari wanagenzi katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Waliofuata ratiba ya kale ya zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa takriban asilimia 36 zaidi ya walipofuata ratiba ya zamu fupi. Madaktari hawakubadilika, wala ujuzi wao haukuongezeka. Kilichobadilika ni ratiba.

Kuna pia gharama ya heshima. Katika utafiti uliofanywa katika hospitali na vituo 13 nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, mwanamke mmoja kati ya kila watano alisema kuwa alidhalilishwa kwa namna fulani alipokwenda kujifungua. Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mwanamke aliyejifungulia sakafuni mwaka 2013, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi, zilikiukwa. Mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ililaumu pia serikali ya kitaifa na ile ya kaunti kwa kutotenga raslimali za kutosha na kutosimamia huduma hizo ipasavyo.

Uamuzi huo unafaa kusomwa kwa makini. Uchovu haumhalalishii mtu yeyote kumpiga mama anayejifungua, na wapo wahudumu wengi waliochoka ambao hawajawahi kuinua mkono wala sauti. Lakini kumwadhibu muuguzi mmoja na kuiacha wadi ilivyokuwa ni sawa na kufuta maji sakafuni bila kufunga mfereji.

Mhudumu naye huathirika kimwili. Mwaka 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) zilitangaza kwamba kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kutokana na ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na kufanya kazi kwa saa 35 hadi 40.

Migomo, janga na wanagenzi

Historia ya karibuni ya sekta ya afya nchini inaweza kusomwa kama historia ya uchovu huu. Katiba ya 2010 ilikabidhi huduma nyingi za afya kwa serikali za kaunti, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 mishahara inayochelewa, kupandishwa vyeo kunakokwama na uhaba wa dawa vimekuwa malalamishi ya kila mwaka. Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka 2013. Baadhi ya viongozi wa chama chao, KMPDU, walifungwa jela Februari 2017 kwa kukaidi agizo la mahakama. Wauguzi nao waligoma tangu Juni hadi Novemba mwaka uo huo.

Kisha likaja janga la Covid-19. Kisa cha kwanza kilitangazwa nchini Machi 13, 2020, na kufikia Julai mwaka huo taifa lilikuwa limempoteza daktari wa kwanza kutokana na maradhi hayo. Wahudumu walifanya kazi wakihofia kuambukiza watoto wao. Wengine walitengwa na majirani, huku umma ukiwasifu kwa maneno. Desemba 2020 wauguzi, maafisa wa kliniki na hatimaye madaktari waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na malipo yaliyocheleweshwa. Sifa pekee hazikuwa zimetosha kumwondolea mtu hofu ya kufa na kuwaachia jamaa zake madeni.

Kundi lililo hatarini zaidi pengine ni la wanagenzi. Hawa ni vijana ambao, baada ya miaka sita ya masomo ya udaktari, hutakiwa kuhudumu kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni kamili. Kisheria wao ni wanafunzi wa kazi, lakini katika hospitali nyingi ndio nguzo ya zamu za usiku. Hawawezi kukataa zamu kwa sababu anayeipanga ndiye atakayetia saini fomu za kuwaruhusu kuhitimu. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kudumu kwa siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa kuajiriwa na malipo ya kundi hili. Mwishoni mwa mwaka huo, serikali na KMPDU zilikubaliana kurejesha malipo ya wanagenzi yaliyowekwa katika mkataba wa 2017.

Kabla ya makubaliano hayo kufikiwa, Septemba 2024, habari za kifo cha daktari mwanagenzi katika kaunti ya Kiambu, aliyeripotiwa kujitoa uhai, ziliitikisa nchi. Kifo cha namna hiyo huwa na sababu nyingi, na si haki kwa mtu wa nje kukielekezea chanzo kimoja. Lakini wanagenzi waliojitokeza baada ya hapo kusimulia zamu zinazovuka mchana na usiku, miezi bila malipo na kudharauliwa mbele ya wagonjwa, walikuwa wakieleza mambo ambayo wenzao wa miaka iliyotangulia waliyafahamu vyema.

Kwa nini hawasemi

Mtu anaweza kuuliza: watu wanaojua dawa na magonjwa hushindwaje kujitafutia tiba?

Sababu ya kwanza ni malezi ya taaluma yenyewe. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi hufunzwa mapema kwamba mgonjwa hutangulia na kwamba anayelalamika hafai. Msemo wa kazi ya wito, ambao una heshima yake, hugeuzwa kuwa mdomo wa kufungia mjadala. Mvumilivu hula mbivu, huambiwa, ilhali hakuna anayemweleza ni lini uvumilivu huo utafika kikomo.

Sababu ya pili ni hofu. Mhudumu anayekiri kwamba amezidiwa huogopa kuonekana hafai kutibu. Katika hospitali ya mji mdogo, mshauri nasaha pekee aliyepo huenda ni mwenzake wanayekula naye chakula cha mchana, na faili yake itapita mikononi mwa watu anaofahamiana nao.

Sheria nayo ilichangia ukimya huo. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu anayeweza kufungwa jela. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Awali, mwaka 2020, jopokazi lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga lilikuwa limependekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022. Hatua hizi zimefungua mlango. Kinachosalia ni mhudumu kuona kwamba akiupitia hatapoteza kazi.

Nini kifanyike

Kwa kuwa hali hii hutokana na mpangilio wa kazi, tiba yake haiwezi kuwa semina ya siku moja kuhusu namna ya kupumua na kufikiri mema. Mafunzo kama hayo yana manufaa kwa mtu binafsi, lakini hayamwongezei mkunga dakika hata moja katika saa yake.

Jambo la kwanza ni ratiba ya zamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili. Hospitali inayoshindwa kutimiza hata hayo haihitaji mtaalamu kutoka nje kuieleza tatizo lake. Zamu ya usiku inafaa kufuatwa na mapumziko ya kweli, na daktari aliyekesha asiingizwe katika orodha ya upasuaji ya asubuhi. Nchi nyingine zimeweka mipaka: kanuni za Muungano wa Ulaya huweka wastani wa saa 48 kwa wiki, na Marekani mwaka 2003 iliwawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha saa 80. Kikomo hicho cha pili bado ni kirefu, lakini ni kikomo.

Pili ni kuajiri. Kenya imo katika hali ya kushangaza ambapo wadi hazina wauguzi ilhali wauguzi waliohitimu wamekaa nyumbani bila kazi. Mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wahudumu wa afya wasio na ajira. Hakuna ubaya kwa kijana kutafuta riziki ng'ambo, lakini nafasi anayoiacha huwa tupu, na kazi yake hugawiwa waliobaki. Viongozi wa Afrika waliahidi jijini Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchini Kenya ahadi hiyo haijatimizwa.

Tatu ni malipo kwa wakati. Mshahara unaochelewa huongeza zamu nyingine isiyoonekana, ya kupiga simu kwa mwenye nyumba na kwa mwalimu wa shule. Wengi hukimbilia kazi ya pili katika kliniki za kibinafsi, na saa za kulala zikazidi kupungua. Jambo hili linawahusu pia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa vifaa mwaka 2023, ambao hubisha hodi katika nyumba za watu kwa marupurupu madogo na kukutana na njaa, maradhi na misiba wasiyoweza kuiondoa.

Nne ni mahali pa kusemea. Mjini London katika miaka ya 1950, Michael Balint alianzisha vikundi ambamo madaktari walikutana mara kwa mara kuzungumza kuhusu wagonjwa waliowasumbua mioyoni, na mbinu hiyo ingali inatumika. Haihitaji mashine wala jengo. Huhitaji saa moja, chumba kimoja, na kiongozi asiyekuwa bosi. Kwa wale wanaohitaji tiba zaidi, ushauri nasaha utolewe nje ya hospitali wanakofanyia kazi, na siri yao ihifadhiwe.

Wasimamizi wa wadi nao wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Msimamizi anayetangaza ratiba ya zamu mapema, anayesikiliza kabla ya kuandika barua ya onyo, na anayekaa na timu yake baada ya kifo cha ghafla badala ya kumsaka wa kulaumiwa, hupunguza mzigo bila kutumia hata senti moja. Mhudumu mwenyewe anafaa kutambua dalili mapema: usingizi unaokataa kwa wiki kadhaa, pombe au dawa za usingizi zinazoanza kuzoeleka, kuwachukia wagonjwa, au mawazo kwamba heri asingekuwepo. Dalili hiyo ya mwisho si ya kungojewa hadi zamu iishe. Inastahili kuambiwa mtu wa karibu na daktari siku iyo hiyo.

Umma pia una sehemu yake. Jamaa aliyesubiri kwa saa tano ana haki ya kukasirika, na ana haki ya kuhudumiwa kwa heshima. Lakini muuguzi aliye mbele yake si yeye aliyeamua kuwa wadi nzima iachiwe mtu mmoja. Swali lake lingefaa kumfikia mwakilishi wa wadi anapopitisha bajeti ya kaunti, gavana anapotangaza nafasi za kazi, na mbunge anaporudi kuomba kura: je, ni wakunga wangapi waliopo zamu ya usiku katika hospitali yetu, na ni akina mama wangapi wanaowasubiri? Hospitali yoyote inaweza kulijibu kwa tarakimu mbili tu. Tarakimu hizo zikitolewa hadharani, itajulikana kama yanayoendelea wodini ni udhaifu wa mtu au ni kazi ambayo hakuna mtu angeiweza.